Punje za Ubao wa Sataranji: Namba Moja Kubwa na Majaribu Yake kwa Lugha Yetu

Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara sisi tushughulikao na istilahi, yamo yale yahusuyo majina ya namba kubwa. Mwalimu huuliza kama ni sahihi kusema "elfu kumi na tano" au "kumi na tano elfu". Mtumishi wa serikali huuliza kama "bilioni" iliyomo katika hati aliyopewa ni ile ile aijuayo yeye. Mfasiri naye huuliza afanyeje akisha kuivuka trilioni. Maswali haya aghalabu hujibiwa moja moja, kila moja kwa barua yake, na kwa sababu hiyo uhusiano wake hauonekani. Nimeonelea heri kuyakusanya yote katika namba moja tu, ambayo ni kubwa kiasi cha kuijaribu lugha, na ambayo yenyewe ina maajabu ya kihisabati yanayostahili kuelezwa kwa Kiswahili. Namba yenyewe ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Msomaji asijaribu kuitamka kwanza. Tutafika huko.

Asili ya namba hii katika masimulizi ni mchezo wa sataranji. Mfalme mmoja wa Bara Hindi, yasemekana, alipendezwa mno na mchezo huo hata akamwambia mwenye hekima aliyeubuni, aitwaye Sissa, achague tuzo aitakayo. Sissa akaomba ngano: punje moja kwa mraba wa kwanza wa ubao, punje mbili kwa mraba wa pili, nne kwa wa tatu, nane kwa wa nne, na kuendelea hivyo, kila mraba ukipata maradufu ya uliotangulia, mpaka mraba wa sitini na nne. Mfalme aliona ombi hilo ni dogo, karibu la kumvunjia heshima, hadi wahasibu wake walipomletea jumla. Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu wa watu mashuhuri aliyefariki mwaka 1282, aliipokea hadithi hii na kuiandika. Lakini zaidi ya miaka mia mbili kabla yake, katika kitabu chake cha kalenda na nyakati za mataifa ya kale, mtaalamu al-Biruni wa Khwarazm alikuwa amekwisha kuikokotoa jumla yenyewe kwa ukamilifu, tarakimu zote ishirini.

Nimesema tarakimu ishirini, wala si namba ishirini. Tofauti hii yafaa ishikwe na walimu tangu darasa la kwanza. Tarakimu ni alama, nazo ni kumi tu, tangu 0 hadi 9. Namba ni kiasi kinachoandikwa kwa alama hizo. Anayesema kwamba "namba za simu yake ni tisa" amekusudia tarakimu. Katika mazungumzo hakuna madhara, ila katika hisabati huwezi kusema jambo lolote la maana juu ya namba yetu bila ya kuyatenga maneno haya mawili. Kwa mfano, jumla ya tarakimu zake ni 87. Kwa kuwa 87 hugawanyika kwa 3 bila ya baki lakini haigawanyiki kwa 9, basi na namba yenyewe hugawanyika kwa 3 wala haigawanyiki kwa 9. Tena, ijapokuwa namba hii imezaliwa kwa kuzidisha mbili kwa mbili bila ya kikomo, tarakimu pekee isiyoonekana ndani yake ni 2. Hilo la mwisho ni sadfa tu, halina siri yoyote, ila watoto hulifurahia.

Yafaa sasa tuutembee ubao huo pamoja na lugha yetu. Katika mraba wa 11 pana punje 1,024, nasi tumeingia katika elfu. Katika mraba wa 18 zipo 131,072: tumeivuka laki. Mraba wa 21 una 1,048,576, nasi tu katika milioni. Mraba wa 31 umepita bilioni, na wa 41 umepita trilioni. Kila miraba kumi hutupandisha ngazi moja, kwa sababu mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi huzaa 1,024, ambayo haiachani sana na elfu. Katika safari hiyo fupi tumekwisha kupita katika historia ya bahari yetu: moja hadi tano na nane na kumi ni za Kibantu, sita na saba na tisa na ishirini na mia na elfu tumezipata kwa Waarabu, laki imevuka kutoka Bara Hindi, na milioni na ndugu zake zimekuja kwa meli za Wazungu. Kila jina limefika na biashara iliyolihitaji. Ila tufikapo mraba wa 51, wenye punje 1,125,899,906,842,624, biashara hazijatuletea jina bado, na msamiati wa shuleni hukoma. Mbele yetu ipo miraba kumi na mitatu mingine, na mraba wa mwisho peke yake una punje 9,223,372,036,854,775,808, yaani zaidi kwa punje moja kuliko miraba yote sitini na mitatu iliyoutangulia.

Ili kuonyesha ukubwa, na tuchukulie kwamba punje 25 za ngano zina uzito wa gramu moja. Tuzo ya Sissa ingekuwa tani bilioni 738. Dunia nzima siku hizi huvuna ngano kiasi cha tani milioni 800 kwa mwaka. Mfalme angehitaji mavuno ya dunia yote kwa zaidi ya miaka mia tisa. Hesabu hiyo hiyo ilirudi kwa sura nyingine mwaka 1883, Mfaransa Édouard Lucas alipotunga fumbo la Mnara wa Hanoi, lenye visahani vinavyohamishwa kimoja kimoja kutoka mti hadi mti, kikubwa kisiwekwe juu ya kidogo. Kwa visahani 64, hatua zihitajiwazo ni namba yetu hii hii. Kwa hatua moja kila sekunde, kazi ingechukua zaidi ya miaka bilioni 584, na ulimwengu wenyewe hukadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8 tu.

Lakini ukubwa mtupu hauna ajabu. Ajabu ya namba hii imo ndani yake.

Al-Biruni hakujumlisha punje za miraba mmoja mmoja. Aliona kwamba ukichukua 2 na kuizidisha kwa yenyewe, kisha jibu ukalizidisha kwa lenyewe, na kuendelea hivyo, utafika haraka sana: 2, 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296, na hatimaye 18,446,744,073,709,551,616. Hatua sita tu. Ukiondoa moja umepata jumla ya ubao. Katika istilahi za hisabati twasema namba hii ya mwisho ni 2 kwa kipeo cha 64, na huandikwa 2⁶⁴. Namba yetu basi ni 2⁶⁴ − 1. Neno "kipeo" ni zuri, maana limetoka katika kupea, yaani kufikia ukomo wa juu. Walimu wajihadhari tu lisichanganywe na "kipeuo", ambacho ni mwendo wa kurudi: kipeo cha pili cha 8 ni 64, na kipeuo cha pili cha 64 ni 8.

Sasa, kila mwanafunzi aliyefika katika aljebra anajua kwamba namba ikizidishwa kwa yenyewe kisha ikapunguzwa moja, jibu hulingana na zao la namba mbili: ile iliyopungua moja na ile iliyozidi moja. Kwa mfano, 16 × 16 ni 256. Ondoa 1 upate 255, ambayo ni 15 × 17. Tuitumie kanuni hiyo kwa namba yetu. Inapasuka vipande viwili, 4,294,967,295 na 4,294,967,297. Kipande cha kwanza nacho kina umbo lile lile, kwa hiyo kinapasuka tena, na kipande chake kidogo kinapasuka tena, mpaka tuwe tumebaki na hivi:

3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Mtazame kila mmoja wao: ni zile namba za al-Biruni, 2, 4, 16, 256 na nyinginezo, kila moja ikiongezewa moja.

Hapa ndipo tunapohitaji istilahi mbili ambazo hutatiza watu wengi. Ya kwanza ni "kigawo" na mwenzake "kigawe". Yamepishana kwa irabu moja, na nimeona vitabu vya mazoezi vilivyoyabadilisha mahali bila ya mhariri kutambua. Hata hivyo irabu hiyo haikuwekwa kwa bahati nasibu. Katika lugha yetu jina lililonyambuliwa kwa -o aghalabu hutaja chombo cha kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba. Lililonyambuliwa kwa -e hutaja aghalabu kilichotendwa: kiumbe kimeumbwa, mtume ametumwa. Basi kigawo ni kinachogawa, na kigawe ni kinachogawika. Tatu ni kigawo cha namba yetu. Namba yetu ni kigawe cha tatu. Mwalimu akiieleza maana hii mara moja, mwanafunzi hatahitaji kukariri.

Istilahi ya pili ni "namba tasa", yaani namba isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama 3, 5, 17. Waarabu huiita namba ya kwanza, na Wazungu vivyo hivyo, kwa kufuata Wayunani wa kale. Sisi tumeifananisha na asiyezaa. Kwa maoni yangu sitiari hii imegeuzwa kichwa chini. Namba tasa huzaa sana: 3 na 5 zimeizaa 15, na hakuna namba isiyo tasa, kubwa kuliko moja, ambayo haikuzaliwa na namba tasa. Inachokosa namba tasa ni wazazi, si watoto. Lakini istilahi ikisha kukaa katika vitabu vya shule na katika vinywa vya watu, mantiki peke yake haitoshi kuing'oa, wala mimi sipendekezi ing'olewe. Nasema tu kwamba mwalimu asiijenge maelezo yake juu ya maana ya kawaida ya neno, maana atajikuta amewaeleza wanafunzi kinyume.

Je, vipande vyetu sita ni namba tasa? Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyekuwa akifanya hisabati kwa kujifurahisha, aliandika mwaka 1640 kwamba aliamini namba zote za umbo hilo ni tasa, ingawa alikiri hakuwa na uthibitisho. Kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537 alikuwa sahihi. Ya sita, 4,294,967,297, ilikuwa kubwa mno kujaribiwa kwa mkono kwa kugawa ovyo. Ilingoja miaka tisini na miwili. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alionyesha kwamba hugawanyika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Msomaji mwenye karatasi na dakika mbili aweza kuhakikisha.

Euler hakubahatisha. Aligundua kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha namba ile ni lazima kiwe kimezidi kwa moja kigawe fulani cha 64. Kwa hiyo hazikumkabili namba zote, bali 65, 129, 193, 257, 321 na kuendelea kwa kuruka 64 kila mara. Na katika hizo zilizo tasa ni chache. Ya kwanza ni 193, kisha 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Majaribio matano yalitosha kuangusha dhana iliyokuwa imesimama karibu karne nzima. Tangu wakati huo haijapatikana namba tasa nyingine ya umbo hilo zaidi ya zile tano za Fermat, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Sasa twaweza kuiandika namba yetu kwa ukamilifu wa vigawo vyake tasa: 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417. Ni saba, na kila kimoja kimo mara moja tu. Kwa kuwa kila kimoja chaweza kuchukuliwa au kuachwa, vigawo vyote vya namba hii, pamoja na moja na yenyewe, ni 2 kwa kipeo cha 7, yaani 128. Ubao wenye miraba 64 umezaa namba yenye vigawo maradufu ya miraba yake.

Vile vitano vya Fermat vina kazi nyingine ambayo nitaigusia tu. Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka kumi na tisa, mwaka 1796 aligundua kwamba umbo lenye pembe 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa bikari na rula peke yake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikia tangu Wayunani. Zao la vyote vitano, 4,294,967,295, ndilo idadi kubwa kuliko zote zinazojulikana, miongoni mwa zile zilizo witiri, ya pembe za umbo liwezalo kuchorwa hivyo. Namba hiyo hiyo ni nusu ya kwanza ya ubao wa Sissa, yaani jumla ya miraba 32. Na wanaofanya kazi na kompyuta waijua kwa sababu nyingine: katika mtindo wa kuandika kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, ni moja 32 zilizopangwa mstari, na namba yetu kubwa ni moja 64 zilizopangwa mstari. Ndicho kiasi cha juu kabisa kiwezacho kuhifadhiwa mahali penye nafasi 64. Anwani za intaneti za mpango wa zamani zilikuwa na nafasi 32, kwa hiyo hazikuweza kuzidi 4,294,967,296. Akiba kuu ya dunia ya anwani hizo iliishiwa mwaka 2011. Nusu ya ubao haikutosha.

Nimeeleza haya yote kwa makusudi kabla ya kurudi kwenye majina, kwani msomaji ameona kwamba maajabu ya namba hii tumeyaeleza bila hata mara moja kuitamka. Tuliitaja kwa jinsi ilivyoundwa, 2⁶⁴ − 1, na lugha haikukwama popote. Shida huanza pale tu tunapotaka kuiita kwa jina.

Mfasiri akifungua kitabu cha Kiingereza kilichopigwa chapa London miaka ya 1930 kinachosimulia hadithi ya Sissa, yamkini atakuta punje zile zimeitwa trilioni kumi na nane na ushei. Akifungua cha New York atakuta zimeitwa kwintilioni kumi na nane na ushei. Vyote viwili ni sahihi. Waingereza wa zamani walihesabu kwa kuruka milioni: bilioni yao ilikuwa milioni ya milioni, na trilioni yao milioni ya bilioni. Wamarekani waliruka elfu: bilioni yao ni elfu ya milioni, na trilioni yao elfu ya bilioni. Mwaka 1974 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba nayo katika takwimu zake itafuata maana ya Kimarekani. Ufaransa, ambayo ndiyo iliyowapa Wamarekani hesabu yao, ilikwenda kinyume: mwaka 1961 iliamuru kwa sheria maana ndefu. Hivyo, katika muda wa miaka kumi na mitatu, nchi mbili jirani zilipishana njiani kama wasafiri wasiosalimiana.

Kiswahili cha Tanzania na Kenya kimefuata maana fupi, na hilo si la kujadiliwa tena: bilioni yetu ni 1,000,000,000 na trilioni yetu ni 1,000,000,000,000. Lakini Kiswahili hakizungumzwi Tanzania na Kenya tu. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Wasomi wengi wa Burundi na Kongo wamejifunza hesabu kwa Kifaransa, ambamo elfu ya milioni huitwa "milliard", na "billion" ni milioni ya milioni. Bajeti ya Serikali ya Tanzania kwa mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39. Mfasiri atakayeipeleka katika Kifaransa kwa kufuata sauti ya neno, akaandika "trillion", atakuwa ameizidisha mara milioni moja. Sahihi kwa Kifaransa ni milliard 44,390. Na atakayefasiri kutoka Kifaransa akaifanya "billion" kuwa bilioni, ameipunguza mara elfu. Haya si makosa ya kuchekesha. Ni makosa yanayoweza kupita katika hati iliyotiwa sahihi pande mbili, kwa kuwa maneno yanafanana na hakuna anayeyatilia shaka. Nukta na mkato navyo hubadilishana kazi katika lugha hizo mbili, na hilo huzidisha hatari.

Kwa sababu hiyo sioni faida ya kuharakisha kutohoa "kwadrilioni" na "kwintilioni" ili kujaza miraba iliyobaki. Tungetohoa pamoja nayo ugomvi ambao si wetu.

Ipo hatari nyingine iliyo yetu wenyewe, nayo haingoji namba kubwa. Je, "shilingi elfu hamsini na moja" ni 51,000 au ni 50,001? Wengi watajibu 51,000 bila ya kusita. Lakini waulizwe basi 50,001 wataisemaje, nao watasema vile vile, labda kwa kutua kidogo baada ya hamsini. Kutua hakuandikwi katika hundi.

La ajabu ni kwamba sarufi yetu inayo dawa, ila hainyweki na kila mgonjwa. Tukisema "vitabu elfu hamsini na kimoja", hapana utata: kimoja kimepatana na vitabu, kwa hiyo ni kitabu kimoja kilichozidi, yaani 50,001. Tukisema "vitabu elfu hamsini na moja", moja imepatana na elfu, kwa hiyo ni 51,000. Vivyo hivyo "watu elfu hamsini na mmoja" na "watu elfu hamsini na moja". Upatanisho wa kisarufi, ambao wageni huuona kuwa mzigo usio na kazi, hapa ndio unaobeba tofauti ya watu mia tisa tisini na tisa. Lakini dawa hii hushindwa mahali pawili. Kwanza, sita, saba, tisa na kumi hazipokei viambishi vya upatanisho. Pili, na hili ndilo zito, haifanyi kazi kwa majina ya ngeli ile ile ya elfu. Na shilingi imo katika ngeli hiyo, pamoja na tani, lita, ekari, na punje za Sissa. Yaani lugha inatulinda tunapohesabu vitabu, na inatuacha wazi tunapohesabu fedha.

Watu wengi wa pwani wamekuwa na namna yao ya siku nyingi: hutanguliza idadi na kuchelewesha jina. "Hamsini na moja elfu" ni 51,000, na "hamsini elfu na moja" ni 50,001. Shule zetu, ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 zimefundisha hesabu za msingi zote kwa Kiswahili, zimezoea kutanguliza elfu, na sitaki kuwavuruga watoto. Lakini katika hati za fedha, mikataba, hukumu na sheria, naonelea mpangilio wa pwani ndio ungekuwa wa lazima, na tarakimu ziandikwe daima kando ya maneno. Kwa namba zipitazo trilioni, mwandishi wa sayansi na aandike kwa kipeo, kwa mfano takribani 1.8 × 10¹⁹, na mwandishi wa gazeti aseme bilioni kumi na nane mara bilioni moja.

Na yule atakayelazimika kuisoma namba yetu nzima kwa sauti, labda mbele ya darasa, hahitaji jina hata moja asilokuwa nalo. Ahesabu trilioni zenyewe kama anavyohesabu kitu kingine chochote, nazo ni 18,446,744, kisha amalizie yaliyosalia: kumi na nane milioni, mia nne arobaini na sita elfu, mia saba arobaini na nne trilioni, sabini na tatu bilioni, mia saba na tisa milioni, mia tano hamsini na moja elfu, mia sita na kumi na tano. Kama anahesabu punje, aishie hapo kwenye "tano". Kama anahesabu vitu, basi ni "vitano".